Ukitajwa, Unalala

Kuna nchi inaitwa Shwarini. Msiniulize iko upande gani, kwa sababu kila nikianza kueleza kuna mtu ananikatiza: "Aa, hiyo si kwetu?" Si kwenu. Kwenu bomba likikauka linatengenezwa bomba. Shwarini bomba likikauka inatengenezwa kiu.

Ngoja nieleze vizuri. Katika mji mkuu wa Shwarini kuna mtaa unaitwa Mabombani. Ulipewa jina hilo siku mabomba yalipozinduliwa, na siku hiyo maji yalitoka kweli, maana waziri alikuja kunawa mikono. Baadaye Wizara ya Maji na Utulivu ikajenga chemchemi mbele ya ofisi yake, ile ya kurusha maji juu, iwe alama ya taifa. Maji yakaruka mpaka usawa wa dirisha la katibu mkuu. Waziri akanuna. Haiwezekani katibu mkuu aone maji halafu waziri, aliye ghorofa ya juu yake, aone mabati ya jirani. Ikabidi ifungwe koki ya Mabombani, ambayo iko palepale kwenye ua wa wizara, ili maji yapate nguvu ya kupanda cheo. Yakapanda. Waziri akawa anayatazama akiwa amekaa, na Mabombani ikakauka.

Sasa hapo Mabombani anaishi dobi mmoja, Bi Siwema Pazi. Dobi asiye na maji mnajua ni nani? Ni mtu anayewatunzia wenzake uchafu. Chumbani kwake kulikuwa na lundo la mashuka, makanzu, jezi za timu ya mtaa, na gauni la bibi harusi ambaye alichoka kusubiri akaolewa na la kuazima. Lundo lilishafika dirishani, na kila lilipoongezeka lilimsogeza Siwema ukutani.

"Likija shuka moja tena," alimwambia shoga yake Zamda, muuza maandazi, "mimi nalala nje, nguo zinalala kitandani."

"Afadhali wewe una nguo. Mimi unga nikande na nini? Mate?"

Wakaenda wizarani kuuliza. Dirisha la kwanza kulikuwa na mtu anatazama juu ya vichwa vyao kama anasoma kitu ukutani. Akasema kwa sauti iliyonyooka, haipandi haishuki: "Suala hilo linashughulikiwa." Dirisha la pili, mtu mwingine, macho yaleyale, sauti ileile. La tatu hivyohivyo.

"Hawa watu wamelala," alisema Siwema walipotoka nje.

"Wamelala wapi, mbona wamevaa tai?"

*

Serikali ikasikia kwamba Mabombani wanauliza maswali, na baraza la mawaziri likakutana. Akasimama mwenye wizara yake, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Mhandisi Kapteni Mstaafu Lutfi Kimbavu.

"Ndugu zangu," alisema, "maji yapo. Mimi mwenyewe nayaona kutoka kwangu. Tatizo ni kiu. Na kiu ni nini? Kiu ni hisia. Hisia iko wapi? Iko kichwani. Sasa, kwa akili ya kawaida, tuchimbue barabara yote ile kutafuta kitu kilichoko kichwani?"

Makofi. Mwenzake mmoja alifuta chozi.

Akaletwa mtaalamu, Profesa Hilali Gunda, fundi wa usingizi wa kuduwaa. Akawaeleza kwamba huo si usingizi wa kukoroma. Mtu anakuwa macho lakini hayupo, anasikia sauti, na chochote sauti inachomwambia anakubali. Waziri mmoja mgeni akauliza hiyo inatofautiana vipi na kuwa kwenye baraza. Akaambiwa akae.

Profesa akapelekwa Mabombani na mkoba wake. Watu wakakusanywa uwanjani, kila mmoja na ndoo yake, kwa sababu mtu wa Mabombani haachi ndoo nyumbani hata akienda msibani.

Profesa akatoa saa ya mfukoni yenye mnyororo, akaanza kuibembeza. "Ifuateni kwa macho. Kulia. Kushoto. Kope zinakuwa nzito."

Watu wakaifuata, kulia, kushoto.

"Inauzwa hiyo?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Iko nyuma dakika kumi, usinunue," alijibu mwingine.

"Bwana, mnyororo ni wa shaba au wa kupakwa?"

Profesa akairudisha saa mfukoni, akawasha mshumaa. "Tazameni mwali wa moto. Msitazame kingine."

"Kumbe na umeme umekatika!" Nusu ya uwanja wakakimbia kuzima friji zao.

Waliobaki akawaomba walegeze mwili. Alikuwa na sauti nzuri ya kubembeleza, lazima niseme ukweli. "Legeza vidole vya miguu. Legeza magoti. Legeza shingo..."

"Baba," alisema Siwema, "nikilegeza shingo, ndoo ataibeba nani?"

Profesa akaona atumie hesabu. Akasema atahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, na kila namba watazidi kuzama. "Kumi. Tisa. Nane."

"Nane ni mimi!" alipiga kelele mzee mmoja akijipenyeza mbele. "Tangu alfajiri nilikuwa nane!"

"Nane gani, wewe ulikuja baada ya mama Tunu!"

"Profesa, huyu ananiruka!"

Ikachukua muda kutenganisha watu. Ndipo Profesa, jasho linamtoka, akaja na ile mbinu ya mwisho, ambayo alisema haijawahi kumwangusha. Akafumba macho, akashusha sauti mpaka ikawa kama mnong'ono. "Jioneni mmekaa mahali palipopoa. Sikieni. Maji... yanatiririka... maji mengi... safi..."

Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba uwanja mzima uliinuka na ndoo zake ukaelekea huko alikokuwa amegeuzia uso, na Profesa akabaki chini, na mkoba wake ukaonekana jioni kichwani kwa mtu ukiwa umejaa majani ya mbuzi.

"Hawashikiki," alimwambia waziri, kanzu yake ina alama ya kandambili mgongoni. "Mtu aliyezoea kupanga foleni hawezi kuduwaa, Mheshimiwa. Anaogopa kurukwa."

"Ulifanya kihuni ndiyo maana," alisema waziri. "Hakukuwa na jukwaa. Hakukuwa na turubai. Watu wangu hawawezi kulala bila sherehe."

*

Ikatangazwa Siku ya Taifa ya Kutosikia Kiu. Turubai jeupe, zulia jekundu, viti vyenye vitambaa, na chupa za maji mezani kwa waheshimiwa. Wananchi wa Mabombani walipewa jua.

Mshereheshaji alikuwa Bwana Chaurembo, ambaye sauti yake ilikuwa kama feni ya dari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa itifaki. Sasa itifaki ya Shwarini si ile ya kwenu ya kusema "itifaki imezingatiwa" mkaendelea. Shwarini kila mkubwa anatajwa kwa vyeo vyake vyote, kimoja kimoja, na akirukwa hata kimoja anaondoka na msafara wake. Kwa hiyo mkubwa wa Shwarini akikaa jukwaani anakuwa amekaza. Shingo imekaza, taya limekaza, pumzi ameishika. Anasubiri jina.

Chaurembo akaanza kwa mwakilishi wa Rais. Yule akainuka nusu, akapunga mkono, akakaa, akashusha pumzi. Mabega yakashuka. Kidevu kikashuka. Macho yakabaki wazi lakini mwenyewe hayumo.

"...Mheshimiwa Daktari wa Heshima Mhandisi Kapteni Mstaafu Lutfi Kimbavu..." Akainuka nusu, akapunga, akakaa, pumzi hiyo. Kidevu kifuani.

Katibu mkuu. Kamanda wa polisi. Mkurugenzi, naibu mkurugenzi, kaimu naibu mkurugenzi, mwenyekiti wa kamati ya turubai. Mmoja mmoja walikaza, wakatajwa, wakaachia, wakaenda. Ilikuwa kama mtu anapita na kuzima taa kwenye ukumbi.

Profesa, aliyekuwa amewekwa pembeni karibu na spika, alisimama ghafla. "Kaza, shikilia, achia!" alisema peke yake. "Hii ni mbinu kabisa! Inafundishwa!"

"...na wananchi wote kwa ujumla wenu," alimalizia Chaurembo. Hapo hakulala mtu, maana hapo hakutajwa mtu.

"Naomba sasa nimkaribishe Mheshimiwa Waziri," alisema Chaurembo.

Waziri hakuinuka.

"Mheshimiwa Waziri, karibu."

Waziri alitabasamu kidogo, mate yakamtoka pembeni.

Askari walikuwepo wengi, lakini kamanda wao alikuwa ametajwa. Wakasubiri amri. Profesa akapanda jukwaani, akapunga kiganja mbele ya macho ya waziri, akageuka kwa Chaurembo.

"Wameduwaa wote. Ukimwita kwa cheo anazidi kuzama. Kumwamsha ni rahisi tu, mwite jina tupu, lile la utani alilokuwa anaitwa utotoni."

Chaurembo alirudi nyuma. "Jina tupu? Mheshimiwa? Hadharani? Bwana Profesa, sheria ya kumvua mtu cheo hadharani unaijua? Mimi nina watoto."

"Basi waite mama zao."

"Kwa gari gani? Madereva nao wanasubiri kuambiwa."

Ndipo Siwema alipoweka ndoo yake chini. Zamda akamshika kanga. "Unakwenda wapi?"

"Yule ni Lutfi. Tumekua naye uchochoro mmoja. Mama yangu ndiye aliyekuwa anawafulia."

"Basi kabla hujamwamsha mwambie habari ya koki, shoga. Wakishaamka hawasikii."

Siwema akapanda. Kwa mazoea akaanza: "Mheshimiwa..." na kichwa cha waziri kikazama mpaka kwenye kifungo cha pili cha koti.

"Usimheshimu!" alipiga kelele Profesa.

"Lutfi," alisema Siwema. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mabombani hakuna maji."

"Suala hilo," alisema waziri, macho yamemtoka, sauti imenyooka, "linashughulikiwa."

"Halishughulikiwi. Linafunguliwa. Ukiamka utakwenda kwenye ua wa wizara, utafungua koki ya Mabombani. Usimtume mtu. Utaishika kwa mkono wako, utaizungusha mpaka iishe."

"Mpaka iishe," alisema waziri.

Siwema akamsogelea. Alitaka kusema polepole, lakini kipaza sauti cha Chaurembo kilikuwa wazi. Nchi nzima ikasikia:

"Kikojozi! Amka, kumekucha! Godoro limelowa tena!"

Waziri aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyemwagiwa, akajishika suruali mbele na nyuma. Akatazama watu. Watu wakamtazama. Halafu akashuka jukwaani bila kuaga, akaenda kwa miguu mpaka wizarani, akafungua koki, na chemchemi ya taifa ikakohoa mara mbili ikalala chini.

Mabombani ililia kwa furaha siku hiyo. Mabomba yalitema kutu, yakatema chura, yakatema maji. Siwema alifua mpaka mikono ikafanya makunyanzi, kamba za mtaa zikajaa, na lile gauni la harusi likaanikwa peke yake juu ya paa kama bendera. Zamda akakanda unga wa mtaa mzima.

Wale waheshimiwa wengine serikali iliwatafutia mama zao huko vijijini. Waliopatikana walikuja, wakawaita watoto wao majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, wakaamka. Ambao mama zao walishafariki walirudishwa maofisini vilevile walivyo, na mpaka leo hakuna aliyelalamika.

*

Kilichobaki kilikuwa Siwema. Waziri alitaka akamatwe. Profesa, ambaye alishaanza kupenda kiti cha wizara, akamshauri vingine. "Ukimfunga atakuwa macho zaidi. Huyu hajawahi kutajwa maisha yake yote. Mtaje."

Basi Bwana Chaurembo akaenda Mabombani. Akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa juu ya beseni lililogeuzwa.

"Mama, taifa linataka kukushukuru. Utakaa jukwaani, kiti cha kitambaa. Hotuba huna, wewe ni kukaa tu."

"Mimi? Na hii mikono?"

"Mikono hiyohiyo ndiyo tunayoitaka. Naomba majina yako kamili. Na utotoni walikuwa wanakuitaje? Ni ya kunogesha tu."

Siwema akacheka, ameshika mdomo. "Mapovu. Nilikuwa nacheza na mapovu ya sabuni mpaka nachapwa."

"Mapovu," alisema Chaurembo, akaaga.

Zamda alipoambiwa alikunja uso. "Usiende. Watakutaja, utalala."

"Mimi nilale? Lundo lile lilinilalia miezi mimi sikulala. Nitakaa, nitakunywa soda yao, nitarudi. Na wewe si utakuwepo mbele? Ukiona kope zinashuka, niite Mapovu."

"Nitakuita kwa sauti ya kuuza maandazi."

Wakacheka wote wawili.

Siku ya sherehe Siwema alikaa jukwaani na kanga mpya, soda mkononi, macho makavu. Zamda alikuwa mstari wa mbele, amesimama kabisa. Feni ya dari ikaanza kuzunguka. Mwakilishi wa Rais, akaenda. Waziri, akaenda. Katibu mkuu. Zamda akaona shingo ya Siwema inakaza. Kidogo tu. Akaona ameacha kunywa soda. Jina likipita la mtu mwingine, Siwema alikuwa anasogea mbele ya kiti, kama anasema bado mimi, bado mimi.

"...na Mheshimiwa Bibi Siwema Pazi," ilisema sauti, "Mlezi wa Mabomba, Mama wa Usafi wa Taifa, Kamanda wa Sabuni Daraja la Kwanza, Mheshimiwa Mapovu..."

Siwema akainuka nusu. Akapunga mkono. Akakaa. Pumzi aliyoiachia ilisikika mpaka mstari wa mbele.

"Mapovu!" alipiga kelele Zamda. "Mapovu, we! Amka!"

Siwema akamgeukia taratibu, akatabasamu, akapunga mkono tena kama mtu aliyetajwa mara ya pili, na kidevu kikashuka kabisa.

*

Koki ya Mabombani ikafungwa tena, na chemchemi ya taifa ikarudi kuruka, safari hii mpaka kwenye bati la paa. Mabombani mabomba yalitoa hewa kwa muda, halafu yakaacha hata hewa.

Zamda akaenda kwa shoga yake na unga wake kwenye sinia. Akamkuta ndani. Lundo lilishaanza upya, na Siwema alikuwa amekaa juu yake, wima, mikono magotini, anatazama juu ya kichwa cha Zamda kama kuna kitu ukutani.

"Siwema. Maji hayatoki."

"Suala hilo," alisema Siwema, sauti imenyooka, haipandi haishuki, "linashughulikiwa."

Zamda akamtikisa. Akamwita Siwema, akamwita Siwe, akamwita binti Pazi, akamtukana. Kila jina lililopita Siwema alipunga mkono. Zamda akakaa kizingitini akalia, machozi yakaanguka kwenye unga, akatazama kama yatatosha kukandia.

Hapo ndipo Bwana Chaurembo alipopiga hodi.

"Samahani, mama. Nimesikia kelele. Wewe ndiye rafiki wa Mheshimiwa? Taifa lingependa kukushukuru na wewe kwa urafiki wako. Kiti kipo."

Zamda alisimama na sinia mkononi. "Toka! Toka kabla sijakumwagia unga! Mmeninyang'anya mtu, sasa mnanifuata mimi? Sikai kwenye kiti chenu, na jina langu msilitamke!"

"Hatulitamki, mama. Samahani sana." Chaurembo akainamisha kichwa, akageuka, akaanza kwenda. Alikuwa na adabu zake, lazima tuseme ukweli.

Zamda alimtazama anavuka uwanja. Ndani, Siwema alikuwa ametulia tu, anapendeza na ile kanga. Zamda akajifuta machozi kwa kiganja chenye unga. Akakaa. Akasimama. Shingo ilikuwa inamkaza kidogo, akaisugua.

Chaurembo alishafika karibu na kona.

"We kaka!" aliita Zamda. "Sisemi kwamba nakuja. Lakini mkinitaja, msisahau na jina la baba yangu."